Hatimkato na Amana ya Maneno ya Watu

Miongoni mwa maswali ambayo binadamu hana budi kuyajibu maadamu anaishi na wenzake, limo moja ambalo kwa sura laonekana dogo, lakini kwa kina chake lagusa dini na akili pamoja: mtu aliyepewa kazi ya kuandika maneno ya mtu mwingine anadaiwa nini na msemaji, anadaiwa nini na wale watakaoyasoma maneno hayo baadaye, na anadaiwa nini na Mola aliyempa mmoja ulimi na mwingine mkono? Swali hili lafaa kuulizwa Arusha kuliko mahali pengi, kwa kuwa mji huu ulio chini ya Mlima Meru umekuwa kwa zaidi ya nusu karne mji wa mikutano, mabaraza na mahakama, ambamo maneno ya watu husemwa kwa lugha nyingi na kuandikwa na mikono ambayo wenyewe hawatajwi. Na lafaa kuulizwa zaidi mbele ya wanafunzi wa biashara wanaofunzwa hatimkato, kwani hao ndio watakaoketi kesho penye meza ambapo kauli za wakubwa na wadogo hugeuka kuwa hati.

Muundo wa utumishi wa umma wa nchi yetu, kwa miaka mingi, umemtaka katibu mahsusi anayeanza kazi awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 kwa dakika moja, na anayepanda daraja afikie maneno 100. Na vizazi vya makatibu waliotoka Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, waliingia katika ofisi za nchi nzima wakiwa na cheti kinachoshuhudia kasi hiyo. Sikikatai kipimo hicho, maana mkono usioweza kufuata ulimi hauna faida kwa mwenye kusema. Hata hivyo kipimo cha kasi chajibu swali moja tu, nalo ni kama mwandishi anaweza. Hakigusi lile swali la pili, kama mwandishi anaaminika. Dai langu katika makala haya ni kwamba hatimkato ni elimu ya amana kabla ya kuwa elimu ya kasi, na kwamba mwalimu anayeifundisha kwa saa ya ukutani peke yake amefundisha nusu ya somo na kuiacha nusu iliyo bora.

Ili dai hili lipate kueleweka, yafaa kwanza tuitazame hatimkato yenyewe jinsi ilivyo. Ile iliyoenea zaidi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ilibuniwa na Mwingereza Isaac Pitman, aliyeichapisha mwaka 1837, na msingi wake ni kuandika sauti kama inavyosikika sikioni, si tahajia kama inavyoonekana kitabuni. Kila konsonanti ina alama yake, mstari mnyoofu au uliopinda, na sauti zilizo ndugu hugawana alama moja, nyembamba ikiandikwa kwa mkono mwepesi, nene ikiandikwa kwa mkono mzito. Hivyo P na B hazitofautiani ila kwa uzito wa penseli, na T na D vivyo hivyo, na K na G vivyo hivyo, hata ikawa pima na bima, ambayo kwa mfanyabiashara ni mambo mawili yasiyokaribiana, yametengwa na mkazo wa kidole. Irabu nazo ni nukta na vistari vidogo vinavyowekwa kando ya konsonanti, na mwandishi mwenye kasi huziacha karibu zote, akitegemea mahali alipoiweka alama yake, ama juu ya mstari wa daftari, ama kwa kuugusa, ama kwa kuukata, pamkumbushe irabu iliyotangulia kusikika.

Sasa lugha yetu ina tabia ambayo mwalimu wa hatimkato hana budi kuizingatia kwa hadhari kubwa, kwamba irabu zake ndizo aghalabu zinazomtaja mtenda. Alilipa na ulilipa, kwa mwandishi aliyeziacha irabu, ni konsonanti zile zile kwa utaratibu ule ule. Lakini katika kumbukumbu ya kikao cha mdai na mdaiwa, tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya nani aliyetoa fedha na nani aliyekaa nazo. Mahali pa alama humsaidia mwandishi, lakini hapamtoshelezi, hasa pale mkono unapochoka na msemaji asiposita. Wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliijua taabu hii tangu zamani, kwani msomaji wa waraka usiotiwa irabu alilazimika kuwa ameshaifahamu maana kabla hajalitamka neno. Basi kazi ya hatimkato haimaliziki pale penseli inapotua. Humalizika pale mwandishi anapoyasoma tena yale aliyoyaandika, akarejesha kwa dhamiri yake kile alichokiacha kwa haraka yake. Kati ya alama ya daftarini na barua iliyopigwa chapa kuna nafasi ambayo haioni mkubwa wa ofisi wala mteja, na hamna ndani yake ila mwandishi na Mola wake. Nafasi hiyo ndiyo makao ya amana.

Dini hazikuliacha jambo hili bila ya nasaha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, haikuja kwa ajili ya vita wala ya mirathi, bali kwa ajili ya deni la muda na namna ya kuliandika. Yaamrisha awepo mwandishi atakayeandika kwa uadilifu; yamkataza mwandishi huyo asikatae kuandika, kwa kuwa elimu aliyo nayo ameipata kwa Mwenyezi Mungu; yampa haki ya kutoa imla yule ambaye deni li juu yake, ili asije akabebeshwa dhima asiyoikiri kwa ulimi wake mwenyewe; na mwisho yakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Mwanafunzi wa biashara na autafakari mpangilio huo, kwani humo mnyonge wa mkataba ndiye anayesema, na mwandishi amesimama baina ya pande mbili, akilindwa ili naye apate kuwalinda. Katika ofisi zetu mambo aghalabu huwa kinyume: anayetoa imla ni mwenye nguvu, na yule ambaye barua itamgusa, awe mkulima wa kahawa anayedai malipo yake au mpangaji anayetakiwa ahame, hayumo chumbani. Kwa sababu hiyo uadilifu wa mwandishi ni mlinzi wa mtu asiyekuwepo, na mara nyingi ni mlinzi wake wa pekee.

Wale waliopewa amana hii katika mambo makubwa waliiona kuwa nzito. Zayd bin Thabit, kijana aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa wahyi, alipotakiwa na Khalifa Abubakar kuikusanya Kurani baada ya vita vya Yamama, aliona kuwa lau angaliamrishwa kuhamisha mlima mmoja, jambo hilo lingalikuwa jepesi kwake kuliko kazi ile. Na mtu aliyezoea kuuona Mlima Meru kila asubuhi, uliofikia zaidi ya mita 4,500 kwenda juu, anaweza kukadiria ni uzito gani moyo ule uliuhisi. Kadhalika wasomaji wa Biblia, ambao ni wengi katika miteremko ya mlima huo, wanamjua Baruku mwana wa Neria, aliyeandika kwa wino yale yote nabii Yeremia aliyotamka kwa kinywa chake. Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo lile kwa kisu kadiri lilivyosomwa, akalitupa vipande vipande motoni. Na Baruku hakusema kuwa kazi yake imekwisha, bali alipokea gombo jingine kwa nabii, nabii akasema tena, naye akaandika tena. Watu hawa wawili hawakuwa na neno lao wenyewe katika yale waliyoyaandika, na heshima yao yote imesimama juu ya jambo hilo hilo, kwamba hawakutia neno lao.

Wanazuoni wa hadithi walilifikisha jambo hili kwenye kanuni. Kabla ya kuipokea habari kwa mtu aliyedai kuisikia kwa mwingine, walimpima kwa sifa mbili zisizotengana: uadilifu, yaani unyofu wa dini na tabia, na dhabt, yaani uthabiti wa kuhifadhi na kufikisha kilichosikiwa bila ya kuzidisha wala kupunguza. Mchaji Mungu mwenye kumbukumbu dhaifu hawakumkubali, wala hawakumkubali hodari wa kukumbuka aliyejulikana kwa uwongo. Ukiitia kanuni hiyo katika darasa la hatimkato, utaona mara moja kuwa mtihani wetu wa maneno 80 na maneno 100 ni mtihani wa dhabt, na kwamba kwa uadilifu hatuna mtihani, na mbaya zaidi, hatuna hata somo. Mpima kahawa mwenye jicho kali, ambaye hakufundishwa kuuondoa mkono wake juu ya mizani, ni hatari kuliko yule asiyejua kusoma ratili, kwa sababu makosa ya huyu wa pili huonekana, ilhali ya yule wa kwanza huvikwa sura ya usahihi.

Huenda mtu akasema kuwa mwandishi ni chombo tu, na kwamba dhambi ya barua ni ya aliyeitoa imla. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, kwani anayeandika kwa uaminifu maneno mabaya yaliyosemwa kikaoni hakuyaunga mkono; amefanya yajulikane, na kujulikana kwake aghalabu ndiko mwanzo wa haki. Lakini kauli hiyo ina mpaka. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, laana ya riba haikumwangukia mlaji wake na mtoaji wake tu, bali pia mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na wote wakahesabiwa kuwa sawa. Maana yake ni kwamba mkono unaoandika una mwenyewe, na mwenyewe ana hiari. Kuandika muhtasari wa kikao kama kilivyokuwa ni amana. Kuandika muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa, au kutia sahihi za watu ambao hawakuwepo, au kurudisha nyuma tarehe ya barua ili mtu apoteze haki yake, ni kushiriki dhuluma, hata kama aliyeagiza ni meneja na aliyeagizwa ni karani wa mwezi wake wa kwanza. Mwanafunzi asiyefunzwa mpaka huo darasani ataufikia siku moja ofisini, peke yake, akiwa na hofu ya kupoteza mkate wake.

Arusha yenyewe ni ushahidi wa thamani ya neno lililoandikwa kwa haki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu. Na mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwana wa Meru, alisafiri mpaka New York akayasema mashitaka ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama huko kwa niaba ya chama cha TANU. Maneno yale hayakuwarudishia Wameru ardhi yao wakati ule. Lakini yaliandikwa, yakabaki, na mwaka 1967 Kirilo na wakili Earle Seaton wakaitoa habari ya shauri lile kuwa kitabu. Hata leo mjukuu wa aliyehamishwa anaweza kujua kuwa babu yake hakunyamaza. Lau mwandishi wa siku ile angalipunguza ukali wa kauli kwa kuwaonea haya wenye mamlaka, dhuluma ingalitendeka mara mbili, mara ya kwanza juu ya ardhi, na mara ya pili juu ya kumbukumbu.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, nayo ikafanya vikao vyake katika majengo ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, hapa Arusha, mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, baada ya kuwashitaki watu 93. Mashahidi wengi walisema kwa Kinyarwanda, wakafasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na kila kauli ikaandikwa. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ya tarehe 2 Septemba 1998, ambayo ndiyo ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, majaji walieleza waziwazi ugumu wa kulihamisha neno la Kinyarwanda na kulitia katika lugha nyingine, na wakasikiliza mtaalamu wa lugha juu ya maana ya maneno yaliyotumiwa siku zile za maafa. Mwaka 2003, mahakama hiyo hiyo iliwatia hatiani watu wa redio na gazeti kwa ajili ya maneno yao, kwa kuwa ilithibitika kuwa maneno hayo yalichochea watu kuua. Nani basi, akiyajua haya, atasema kuwa kuandika maneno ya watu ni kazi ndogo? Kumbukumbu za mashauri yale zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, na haki ya waliokufa pamoja na haki ya walioshitakiwa ilitegemea watu walioketi kimya, wakisikiliza mambo ambayo sikio la binadamu halitaki kuyasikia, bila ya kuruka neno.

Hapa hujitokeza hoja ya zama zetu, nayo yastahili kujibiwa kwa insafu. Wasemao husema kuwa vinasa sauti vipo, na programu za kompyuta za kugeuza sauti kuwa maandishi zipo, na zote hazichoki wala hazidai mshahara. Basi ya nini kumtesa kijana miezi mingi kwa alama za mwaka 1837? Kwa upande wa kasi, nakiri kuwa shauri limekwisha, na mashine imeshinda. Lakini mashine haijui kuwa haikusikia. Mwandishi aliyefunzwa vyema akikosa jina la kijiji au kiasi cha fedha huacha pengo, akanyanyua uso, akauliza. Programu aghalabu huliziba pengo kwa neno linalofanana, na si rahisi kwa msomaji kujua palipozibwa. Tena mashine haiapi, wala haiwezi kuitwa mbele ya hakimu ikasema kwa roho yake kuwa hivi ndivyo nilivyosikia. Ushahidi ni wa mwenye dhamiri, na asiye na dhamiri hana ushahidi, hata akihifadhi sauti ya dunia nzima.

Ipo pia faida iliyo ndani ya mwanafunzi mwenyewe. Katika maandishi ya mwanafalsafa Plato, Sokrate aeleza hofu ya mfalme wa Misri ya kale, kwamba maandishi yatawafanya watu wasahau, kwa kuwa watautegemea wino badala ya moyo. Hatimkato, ijapokuwa ni maandishi, haina aibu hiyo, maana alama zake hupoa upesi, na mwenye busara hulifasiri daftari lake siku ile ile, kumbukumbu ingali hai. Yamlazimisha basi awepo kwa akili yake yote wakati mwingine anaposema. Kusikiliza kwa namna hiyo, bila ya kutayarisha jibu, bila ya kuchagua yanayopendeza na kuyatupa yanayochukiza, ni fadhila ambayo wafanyabiashara wengi hawanayo, na ukosefu wake ndio chanzo cha mikataba mingi inayovunjika. Kijana aliyeizoea fadhila hiyo kwa mkono wake atakuwa nayo hata siku atakapokuwa mwenye duka, au meneja, au dalali wa tanzanaiti, asipohitaji tena kuandika alama hata moja.

Wala mtu asidhani kuwa kazi hii ni ya utumwa. Ni kweli kwamba Tiro, ambaye jina lake limefungamana na hatimkato ya Warumi, alikuwa mtumwa wa Cicero kabla ya kuachwa huru, na ni kweli kwamba katika ofisi zetu katibu mahsusi, ambaye aghalabu ni mwanamke, huitwa kwa kengele na kusahauliwa wakati wa shukrani. Lakini udhalili huo watoka kwa wanaomtendea vibaya, haumo katika kazi yenyewe. Mtu anayeweza kuiweka nafsi yake kando kwa saa nzima ili neno la mwingine lipite salama amefika daraja ya nafsi ambayo wengi wenye vyeo hawajaifikia, na anastahiki taadhima.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa biashara wa Arusha na wa nchi nzima, wanaoendelea kuifundisha hatimkato na wale wanaokusudia kuiacha. Wafundisheni wanafunzi kuliacha pengo wasiposikia, na mlipatie pengo la kweli alama zaidi ya neno la kubuni. Wafundisheni kumsomea msemaji kile walichokiandika kabla hakijawa barua, na kumpa nafasi ya kusema kuwa sivyo alivyosema. Wafundisheni siri, kuwa kilichosikiwa ofisini hakitoki nje kwa mazungumzo. Na wafundisheni pia mpaka wa siri, kuwa hakuna amana katika kuficha dhuluma. Wapimeni kwa kasi, lakini msimpe cheti mwenye maneno 100 aliyekamatwa ametia neno lake katika kauli ya mtu. Na iwapo siku moja alama za Pitman zitaachwa kabisa katika vyuo vyetu, somo la uadilifu wa mwandishi lisiachwe pamoja nazo, kwa kuwa vyombo vya kuandikia hubadilika, lakini haki ya msemaji juu ya neno lake haibadiliki.